Nchi Isiyojua Komeo

Jinsi nilivyofika Mwitikoni sitaeleza. Njia ilikuwa ndefu na ya kuchosha, na wasafiri wanaosimulia sana njia mara nyingi huwa hawana la kusimulia wakishafika. Mimi ninalo. Nilikaa huko siku kumi na moja. Nimeandika ripoti za nchi nyingine kadhaa, zenye wafalme wapumbavu na kodi za ajabu, na zote niliziandika nikiwa nimekaa vizuri, chai pembeni. Hii naiandika nikigeuka kila mara kutazama kama mwenye nyumba bado ananiona.

Kilichonishtua kwanza ni sauti. Niliingia mjini asubuhi, jua limeshapanda, na mji mzima ulikuwa ukinong'ona neno moja. Hodi. Hodi. Hodi. Lilitoka vibarazani, lilitoka uani, lilitoka vichochoroni. Hakuna aliyepaza sauti. Watu wazima, wamevaa vizuri, walikuwa wamesimama mbele ya milango iliyofungwa, paji la uso limegusa mbao, wakisema hodi kwa upole wa mtu anayeomba radhi, kisha wakitulia kusikiliza. Wachache waliitikiwa, wakaingia. Waliobaki walivuta pumzi, wakaanza upya.

Kwetu hodi ni tatu. Ukikosa jibu unakwenda zako, na wala hununi. Huenda wenyewe wanaoga, wamelala, au leo hawataki mgeni. Mwitikoni hawaendi zao. Sheria mama ya nchi hiyo ina maneno matatu tu, yamechongwa juu ya kila kizingiti: *Mtu ni kuitikiwa.* Kutokana na maneno hayo wamezaa vitabu kumi na tisa vya kanuni. Hakuna anayekula, anayevaa nguo mpya, anayecheka wala anayelia kabla ya kuwapigia hodi waliopo na kuambiwa karibu. Mkahawani nilimwona bwana mmoja ameshika tonge mpaka wali ukapoa, akisubiri meza ya jirani imwitikie, na wa meza ya jirani nao walikuwa na matonge mkononi wakimsubiri yeye. Mwingine alisikia kichekesho, akaomba ruhusa ya kucheka, na alipoitikiwa kichekesho kilikuwa kimeshapita. Alicheka hivyo hivyo, kwa utiifu, akitutazama mmoja mmoja.

Aliyepewa kazi ya kunitembeza alikuwa Bwana Mshamu, Msikilizi Mkuu wa mji. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ambayo aliining'iniza shingoni. Kazi yake ilikuwa kuweka pembe hiyo mlangoni na kuandika kilichosikika ndani. Neno karibu huandikwa mara moja. Ugumu, aliniambia, uko kwenye kimya.

"Watu wanadhani kimya ni kimoja, bwana mgeni," alisema. "Sisi tunavyo ishirini na nane. Kuna kimya cha kufikiri, kuna kimya cha kukuonea aibu, kuna kimya cha aliyeudhika jana akasahau kilichomuudhi. Tatizo ni kwamba vyote vinasikika sawasawa."

"Sasa mnavitofautisha vipi?"

"Tunamuuliza aliye nje anahisi ni kipi. Huwa hakosei kuchagua kile kibaya zaidi."

Alinipeleka kwenye Jumba la Baraza, jengo zuri lenye viti themanini vya kuchongwa ambavyo havijawahi kukaliwa. Anayeingia lazima aitikiwe na aliyemo, na ndani hamna mtu. Kwa hiyo wajumbe hukutana nje, juani, wamejipanga kwa umri mbele ya mlango. Hupiga hodi kwa zamu, husikiliza, kisha huendelea na hoja. Siku hiyo walijadili kama karibu iliyosemwa na mtu aliye usingizini ni halali. Upande mmoja ulishikilia kwamba usingizini ndipo mtu asiposema uongo. Upande wa pili ukajibu kwamba pengine alikuwa akimkaribisha mtu mwingine huko ndotoni. Mjumbe mmoja mnene, jasho likimtiririka, akapendekeza sheria mama ifutwe kabisa. Walimsikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akamkumbusha kwamba sheria hufutwa ndani ya jumba tu, na wote wakageukia mlango, wakapiga hodi.

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, bila kumwomba mtu, na wajumbe wote wakanigeukia. Sijui nieleze vipi macho yale. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakihangaika huku na huku usoni pangu, yakinitafuta, nami nimesimama mbele yao mchana kweupe. Bwana Mshamu akasema haraka, "Karibu, karibu, bwana mgeni amekaribishwa kucheka," na macho yakatulia. Sikucheka tena nchini humo.

Tulipokuwa tukirudi tulipita kiwanja kitupu chenye majivu ya zamani. Nilimuuliza pana nini. Alisema palikuwa na nyumba iliyoungua, na familia ya watu sita ndani yake. Majirani walifika mapema sana na ndoo za maji.

"Wakafanya nini?"

"Walipiga hodi," alisema Bwana Mshamu. "Waliokuwa ndani moshi ulikuwa umewakaba, hawakuweza kuitika. Majirani walipiga hodi mpaka paa likaanguka. Tuliwapa nishani ya subira."

Nilimtazama nikitegemea kuona dalili ya aibu, na ilikuwepo, ila haikuwa kwa ajili ya moto. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimeipenda habari yake.

Siku ya tatu niliona Kufumba. Nasema niliona, ingawa neno hilo halitoshi. Mtu akipiga hodi kwenye mlango mmoja miaka saba bila kuitikiwa, sheria inasema hakuwahi kuwepo. Majirani hukusanyika saa sita mchana, mtu mwenyewe akasimama katikati, Msikilizi akasoma jina lake mara ya mwisho, na wote wakafumba macho kwa hesabu ya ishirini. Siku hiyo alikuwa mzee mmoja mshona viatu, ambaye kwa neno alilolisema harusini kaka yake alimnyima karibu. Walifumba. Walipofumbua, walianza kuondoka wakizungumza mambo ya sokoni, wakipita pale pale aliposimama. Mzee alikuwa akiwapisha. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akakumbatia begi lake la nyundo na misumari, akawaambia samahani. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilimwona vizuri siku hiyo. Kesho yake nilimwona kama mtu ninayemtazama kupitia chandarua. Siku ya tano niliona begi tu, ukutani, na sikuwa na hakika.

Hofu iliniingia, naikiri. Jioni ya siku hiyo ya tano nilijikuta chumbani peke yangu nimeshika gilasi ya maji, nikasema hodi. Nikaiweka chini. Nilijichukia. Kisha nikasema tena, na kiu ikiwa imenishika nikasubiri mtu apite barabarani aniitikie.

Asubuhi iliyofuata nikaamua nataka komeo. Nilitaka chumba ambacho naweza kukifunga kwa ndani, nikanywa maji yangu bila kusikia minong'ono ile. Nikaelekezwa kwa fundi wa milango, Sikudhani.

Karakana yake ilikuwa paa juu ya nguzo nne, haina kuta, kwa hiyo mtu aliingia bila matata. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono ya kazi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Katikati ya paji lake la uso palikuwa na sugu ya mviringo. Nyuma yake ilisimama milango ya zamani iliyoletwa kubadilishwa, na kila mmoja ulikuwa na kishimo kilicholika, kimoja kimo cha mtu mrefu, kingine kimo cha mtu mfupi, mbao zimekuwa laini na nyeusi kwa mafuta ya ngozi. Alikuwa akiziranda bila kuzitazama.

"Nataka unitengenezee komeo, fundi," nikamwambia.

"Nikutengenezee nini, mzee?"

Nikarudia. Alikuwa halijui neno. Nikachukua kipande cha mkaa, nikamchorea kwenye ubao: huu mlango, hii fremu, hiki chuma kinapita hapa na kuingia hapa. Akainama akatazama mchoro kwa muda.

"Kina kazi gani?"

"Mtu asiingie."

"Asipoitikiwa haingii."

"Kwetu anaweza kuingia hata asipoitikiwa," nikasema. "Ndiyo maana tunafunga."

Aliweka randa chini. "Yaani kwenu mlango unaweza kumkataa mtu?"

"Ndiyo."

"Na wa kwetu?"

Nilikuwa nimechoka, sikufikiri. "Wa kwenu haujawahi kumkataa mtu yeyote, fundi. Hauna cha kukatalia."

Aliinamia tena mchoro. Nilidhani nimemuudhi, na kwa ugonjwa ule niliokuwa nimeshaupata nikaanza kumwomba radhi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alininyamazisha kwa kiganja. Halafu akaanza kunieleza habari zake, akitazama mchoro na si mimi.

Mama yake aliitwa Bi Siwema. Hakutaka binti fundi seremala. Sikudhani alikwenda kujifunza kazi bila kumwambia, akakaa huko miaka miwili, na aliporudi akapiga hodi nyumbani, mama aliyekuwa kitini, hatua nne kutoka mlangoni, hakuitika. Tangu hapo binti alilala barazani. Majirani wawili walioitikiwa walikuwa wakimpelekea mama chakula, wakitoka wanamwambia Sikudhani kwamba mama ni mzima, anakula vizuri, hajamtaja. Mchana anatengeneza milango ya watu, asubuhi na adhuhuri na jioni anakwenda kupiga hodi kwenye wa kwao.

"Mwaka wa nne ule mlango ulilika, ukapasuka," alisema. "Pale kwenye paji. Msikilizi akaniandikia kibali nitengeneze mwingine. Nikautoa ule wa zamani, nikawa naweka bawaba mpya. Mzee, kwa saa mbili hapakuwa na mlango. Nilimwona mama. Alikuwa anamenya njugu. Naye alikuwa ananitazama."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga hodi. Nilisimama pale nikipiga hodi hewani. Kisha nikaweka mlango mpya, nikaufunga mwenyewe."

Nilimuuliza amebakiza muda gani. Akasema miaka saba inatimia Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Ningependa kuandika kwamba nilimpa ushauri wa maana. Nilimwambia tu kwamba nasikitika, nikaondoka bila komeo, na usiku ule sikulala kwa kufikiri kama niliagana naye kwa adabu ya kutosha.

Alhamisi, saa sita kasoro, mtaa ulijaa. Jua lilikuwa utosini, hapakuwa na kivuli popote, na hata kuku walikuwa wametulia. Majirani walikuwa wamekuja na nyuso za msiba, kila mmoja akimtazama mwenzake kujua asikitike kiasi gani. Sikudhani alisimama mbele ya mlango wa kwao amevaa kanga safi, ameoga, nywele amesuka. Ndani hapakusikika kitu.

Bwana Mshamu aliweka pembe mlangoni kwa mara ya mwisho, akasikiliza, akaandika. Akamwendea.

"Piga ya mwisho, fundi. Piga kwa nguvu. Naomba upige kwa nguvu," akasema, na nikaona kwamba alikuwa anampenda binti huyu na kwamba hilo lisingemsaidia kitu.

Sikudhani akageukia mlango. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakupiga.

Watu wakaguna. Msikilizi akasubiri, akapangusa jasho, akasoma jina. "Fumbeni."

Wote wakafumba. Na hapa lazima niseme ukweli, maana ripoti isiyomtaja mwandishi wake ni ripoti ya mwoga. Nilifumba na mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisikia wengine wakivuta pumzi pamoja, nikaogopa kuwa mtu pekee aliyefumbua, nikafumba. Wakaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nilihisi joto la jua kwenye kope. Kwenye saba nikasikia bawaba zikilia.

Nilifumbua.

Mlango ulikuwa umefunguka nusu, na Sikudhani alikuwa amesimama juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mikono ameshika fremu pande zote mbili. Kuzunguka kwangu nyuso mia moja zilikuwa zimefumba macho na kuhesabu. Midomo ilikuwa ikienda pamoja. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kope zilikuwa zikicheza, kwa kuwa wote walikuwa wamesikia kile nilichosikia, na hakuna hata mmoja aliyefumbua. Sikudhani aligeuka akatutazama. Sijawahi kuona mtu aliyeogopa namna ile. Kwenye kumi na sita akainua mguu wa pili, akaingia.

Walipofumbua walitazama mlango.

"Umefunguka," akasema mama mmoja.

"Upepo," akasema Bwana Mshamu. Hapakuwa na upepo. Aliandika neno hilo taratibu sana, *upepo*, akalipigia mstari.

"Si upepo," nikasema. "Ameingia. Nimemwona."

Msikilizi Mkuu aliinua uso. Macho yake yalikuja upande wangu, yakapita, yakaenda hadi kwenye ukuta wa nyuma, yakarudi. "Kuna mtu amesema kitu?" akawauliza.

Walitikisa vichwa.

"Bwana Mshamu, ni mimi! Mgeni wako!" Nilikwenda nikamshika mkono. Aliupapasa mkono wake pale nilipomshika, kama mtu aliyetuliwa na nzi, akaning'iniza pembe shingoni, akaondoka. Nikamkimbilia mama yule aliyesema mlango umefunguka. Nikasimama mbele yake. Akanipita, na bega lake likanigonga, wala hakusema samahani. Nilipiga kelele, sioni haya kuandika. Nilimwita kila niliyemjua jina. Nilisema hodi, hodi, hodi, katikati ya barabara, mtu mzima mwenye mvi, nikilia. Mtaa ulikuwa ukiisha watu taratibu, wakizungumza bei ya vitunguu, na kwenye kona, kando ya ukuta, nilimwona mzee mshona viatu na begi lake, waziwazi kabisa, akinipungia mkono.

Nilikwenda kwenye mlango ulio wazi, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye harufu ya mafuta ya taa na nguo za siku nyingi. Bi Siwema alikuwa kitini, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, macho makavu. Binti yake alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia. Walikuwa hivyo kwa muda gani sijui.

"Sijakuitikia," akasema mama.

"Najua, mama."

"Sikukutuma ukajifunze mambo ya wanaume. Sikukuita urudi. Nimekaa hapa miaka saba nisikuitikie, na wewe unaingia tu?"

"Nimeingia, mama."

Nilitegemea kuta zitikisike, na nadhani binti pia alitegemea, kwa sababu alitazama juu mara moja. Hakuna kilichotokea. Vumbi lilikuwa likishuka kwenye mwanga wa mlango. Sikudhani alivuta pumzi, akaitoa, mabega yakashuka. Akaenda pembeni, akapata jiko, akapuliza makaa, akabandika sufuria. Alikuwa akilia waziwazi, machozi yakidondokea kwenye kanga, na wakati huohuo akifungua vikopo kimoja kimoja kutafuta majani ya chai. Kwenye sugu ya paji lake lilikuwa limeingia jivu.

Kisha akaniona mlangoni.

"Mzee, usisimame juani. Kigoda kile pale."

Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshika lile neno. Nililimeza. Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa.

Bi Siwema hakunitazama. Alikuwa akimtazama binti yake mgongoni, mikono imekaza kwenye kiti. "Sitakuitikia," akasema. "Unasikia? Mpaka nife, sitakuitikia."

"Sawa, mama," akasema Sikudhani, akikoroga. "Sukari vijiko vingapi?"

Maji yalichemka. Nje, kwa mbali, minong'ono ya adhuhuri ilikuwa imeanza tena.

"Viwili," akajibu Bi Siwema, na hasira yake yote ilikuwa bado ipo.